Bwawa la Kuogelea Nyumbani, Kwenye Apatimenti na Nyumba za Wageni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usalama na Dhima

Majibu haya yanafuata sheria ya Kenya. Tanzania na Uganda zimechota kwenye kisima kilekile cha sheria ya Kiingereza, ila vifungu vyao ni vyao, kwa hiyo aliye huko asinakili namba za sura zilizo hapa. Mambo ya uzio, maji, umeme na uokoaji hayana mpaka.

Mtu akifa maji kwenye bwawa langu, moja kwa moja kosa ni langu?

La. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu dhima ya mwenye mahali kwa wageni wake, haikufanyi mdhamini wa roho ya kila anayeingia kwako. Kifungu cha 3 kinakudai jambo moja: uangalifu wa busara, kwa kuzingatia hali zote, ili mgeni awe salama anapofanya kile alichokaribishwa kufanya. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Aonyeshe kwamba ulikuwa na wajibu kwake, kwamba uliuvunja, na kwamba kuuvunja huko ndiko kulikoleta madhara. Hiyo ya tatu husahauliwa sana. Lango la uzio likiwa halina komeo, lakini aliyezama ni mpangaji mtu mzima aliyefungua kwa ufunguo wake mwenyewe, ukosefu wa komeo haukumuua.

Lakini ukiulizwa mara ya mwisho lango lilikaguliwa lini, na jibu likawa "keateka huangalia", hapo umeanza kushindwa.

Huyo "mwenye mahali" ni nani hasa? Hati ni ya kwangu, lakini nyumba nimeipangisha.

Sheria haimtafuti mwenye hati, inamtafuta mwenye udhibiti: nani anaweza kufunga lango, kuita fundi, kumzuia mtu asiingie. Kipimo hiki kilinyooshwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1966 katika kesi ya Wheat dhidi ya Lacon, ambapo ilisemwa wazi kwamba mahali pamoja panaweza kuwa na wenye mahali wawili au zaidi kwa wakati mmoja. Maamuzi ya Kiingereza ya karne iliyopita hayaifungi mahakama ya Kenya, ila mawakili huyategemea kila siku.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Nyumba ya peke yake iliyopangishwa kwa mwaka mzima: mpangaji ndiye mwenye mahali siku hadi siku. Lakini kama mkataba unasema ukarabati ni juu yako, na alikuarifu kwamba kifuniko cha tundu la kufyonza maji kimelegea ukanyamaza, umo. Kwenye apatimenti, bwawa la pamoja huwa chini ya kampuni ya usimamizi, na wakurugenzi wake ni majirani waliochaguliwa kwenye mkutano wa wakazi, ambao wengi hawajui kwamba wamejitwika jambo hili. Nyumba ya kulaza wageni kwa siku, iwe Nyali, Diani au Naivasha: anayepokea wageni, anayeajiri msafishaji na anayegawa funguo ndiye wa kwanza kuulizwa, hata kama mwenye hati yuko Dubai.

Andikeni kwenye mkataba nani anashughulikia uzio, nani maji, nani umeme. Mkataba hauwezi kumnyima aliyeumia haki yake dhidi ya mwenye udhibiti, ila utaamua nani kati yenu atamrudishia mwenzake gharama.

Mtoto ni tofauti na mtu mzima?

Ni tofauti kabisa, na sheria yenyewe imelitaja hilo: mwenye mahali lazima atarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Mwaka 1922, katika kesi ya Glasgow Corporation dhidi ya Taylor, mtoto wa miaka 7 alikula matunda yenye sumu kwenye bustani ya umma akafa. Matunda yalikuwa yanang'aa, yanamvutia mtoto, na hapakuwa na uzio wala onyo ambalo mtoto angelielewa. Hoja ya kwamba "asingegusa" haikuwasaidia wenye bustani. Bwawa la buluu lenye boya la umbo la bata ni mvuto mkubwa kuliko matunda yale.

Upande wa pili ni kesi ya Phipps dhidi ya Rochester, ya 1955. Mtoto wa miaka 5, akiwa na dada yake wa miaka 7 tu, alianguka kwenye mtaro uwanjani. Akashindwa, kwa sababu mwenye ardhi ana haki ya kudhani kwamba mzazi mwenye akili hamwachi mtoto wa umri huo azurure mahali penye hatari bila mtu mzima.

Ukizisoma pamoja unapata picha: mzazi ana sehemu yake, lakini sehemu hiyo haikuondolei uzio. Hoja ya "mama yake alikuwa kwenye simu" hutumiwa sana na upande wa utetezi. Inaweza kupunguza fidia ya mzazi huyo. Mtoto mwenyewe, akiwa mdogo sana, mahakama kwa kawaida haimbebeshi uzembe wowote.

Mtoto wa jirani aliruka ukuta. Hakualikwa. Bado nawajibika?

Sura ya 34 inazungumzia wageni, na aliyeruka ukuta si mgeni. Hata hivyo hukuachiwa huru. Katika kesi ya Herrington, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1972, mtoto wa miaka 6 alipita kwenye uzio uliobomoka akaungua kwenye reli ya umeme. Shirika la reli lilijua kwamba watoto hupita pale. Mahakama ikasema upo wajibu wa utu hata kwa mvamizi, hasa mtoto, ikiwa unajua kwamba huja na unajua kitakachompata.

Jiulize kama unajua. Kama askari wako amewahi kuwafukuza watoto bwawani jioni, basi unajua. Na kama unajua na tofali mbili za ukuta bado zimeanguka, usitegemee sana neno "mvamizi".

Bango la "Kuogelea ni kwa hatari yako mwenyewe" linatosha?

Peke yake, hapana. Sheria inasema onyo halimwokoi mwenye mahali mpaka liwe la kutosha kumfanya mgeni awe salama. Bango la "Maji kina kirefu" linamsaidia mtu mzima anayejua kusoma na anayeliona. Halimsaidii mtoto wa miaka 3, wala mgeni aliyefika saa tatu usiku taa zikiwa zimezimwa. Kwa mteja anayelipa kuna pia Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa haki ya kulindwa afya na usalama wake, kwa hiyo bango la kujivua lawama zote ni kinga dhaifu.

Bango zuri linaeleza jambo mahususi: kina kwa mita katika kila upande, "Usiruke kwa kichwa", "Hakuna mwokoaji", saa za kufungua na kufunga, umri wa mtoto asiyeruhusiwa bila mtu mzima, namba ya dharura, na anwani ya mahali penyewe. Anwani inachekwa, lakini mgeni wa siku mbili akipiga simu ya ambulansi hajui yuko barabara gani. Liandikwe Kiswahili na Kiingereza. Vina viandikwe pia ukingoni, palepale mtu anaposimama.

Kijana mzima aliruka kwa kichwa upande wa kina kifupi akavunjika shingo. Nani wa kulaumiwa?

Hapa sheria humwonea huruma mwenye mahali zaidi. John Tomlinson, kijana wa miaka 18, alijirusha kwenye ziwa la bustani ya umma huko Cheshire mwaka 1995, akagonga mchanga na kupooza. Mwaka 2003 mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa dai lake: hatari ilikuwa wazi, na mtu mzima aliichagua.

Bwawa la kujengwa lina tofauti moja na ziwa: sakafu yake umeichora wewe. Kama maji yamechafuka chini hakuonekani, kama kina hakikuandikwa, au kama uliweka ubao wa kurukia mahali pasipostahili, hatari haikuwa wazi tena. Msalaba Mwekundu wa Marekani hushauri asiruke mtu kwa kichwa pasipofika futi 9, yaani karibu mita 2.7. Mabwawa mengi ya nyumbani hayafiki hapo popote. Basi andika "Usiruke kwa kichwa" kuzunguka bwawa lote, na ubao kama upo ung'oe.

Uzio uweje?

Ukuta wa kiwanja hauhesabiki. Unamzuia mwizi, haumzuii mtoto aliyemo ndani ya nyumba, na ndani ndiko mtoto anakotokea. Uzio wa bwawa unazunguka bwawa peke yake, pande zote nne, ukilitenga na mlango wa jikoni na sebule.

Vipimo vinavyotumika Marekani na Australia vinafaa kuigwa: kimo kisipungue mita 1.2, nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, na chini vilevile isizidi 10. Vyuma visimame wima, na vya kulala visimpe mtoto ngazi. Seng'enge ya matundu makubwa ni ngazi tupu. Eneo la sentimita 90 kuzunguka uzio lisiwe na kitu cha kukwea: chungu cha maua, kiti cha plastiki, kisanduku cha pampu. Kiti cha plastiki ndicho adui mkubwa, kwa sababu asubuhi hakipo na jioni kipo.

Lango ndilo hushindwa kwanza. Lifunguke kwa nje, mbali na bwawa, ili mtoto akilisukuma alifunge badala ya kulifungua. Liwe na bawaba za springi na komeo linalojifunga lenyewe, kitasa kikiwa juu, kama mita 1.5 kutoka chini. Lipime hivi: lifungue kabisa, liachie. Lifungue nusu, liachie. Kisha lifungue sentimita 5 tu, liachie. Jaribio hili la tatu ndilo hulifelisha, kwa sababu kwa umbali huo springi haina tena nguvu ya kusukuma ulimi wa komeo uingie. Pwani, chumvi ya hewani huila springi ya chuma cha kawaida. Nunua za chuma kisichoshika kutu. Kisha angalia kama kuna kipande cha waya au jiwe karibu na lango. Kikiwapo, ujue siku za sherehe lango hufungiwa wazi ili wabeba soda wapite.

Ni lazima niajiri mwokoaji?

Kwa bwawa la familia, hapana. Kwa hoteli, shule na klabu inayolipisha, ni vigumu sana kumweleza hakimu kwa nini hukuwa naye. Apatimenti ziko katikati: wengi huweka mwokoaji wikendi na likizo za shule, siku nyingine lango hufungwa kwa ufunguo. Utaratibu huo unatetewa vizuri ukifuatwa kweli.

Mwokoaji awe na cheti cha uokoaji na huduma ya kwanza ambacho muda wake haujaisha. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni miongoni mwa wanaofundisha. Kipimo cha kazi yake kimataifa ni sekunde 10 kuzungusha macho eneo lake lote na sekunde 20 kumfikia anayezama. Abadilishwe kila baada ya nusu saa hivi, maana macho huchoka. Ukimtuma mwokoaji akapokee taulo au auze soda, huna mwokoaji, una mhudumu aliyevaa fulana nyekundu.

Kuzama hujulikanaje, na nifanye nini?

Anayezama hapigi kelele. Mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji pembeni, kichwa kimelala nyuma, macho hayajibu. Mtu mzima anaweza kuhangaika hivyo sekunde 20 hadi 60 tu kisha akashuka. Mtoto mdogo huweza kuteleza chini bila hata kuhangaika. Kwa hiyo mwulize kwa sauti, "Uko sawa?" Asipojibu, huna muda.

Ukingoni pawe na boya la kurusha lenye kamba inayovuka bwawa, na upondo wa mita 4 au 5 wenye ndoano butu, vikining'inia mahali wazi, si ndani ya stoo yenye kufuli. Mfikie kwa upondo au umrushie boya kwanza. Kumrukia bila mafunzo ndiko kunakofanya watu wawili wafe badala ya mmoja.

Akishatolewa na hapumui kawaida: mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 za mwanzo (mwongozo wa Ulaya, wa Marekani ni 2), kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, ukirudia. Kwa mtu mzima kina cha mkandamizo ni sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine apige 999 au 112; ambulansi za Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo. Maji ya tumboni hayakumuua, na kuyakamua huyapeleka mapafuni huku dakika zikienda. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 hivi bila hewa.

Akizinduka, aende hospitali hata akisema yuko sawa. Mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Tundu la kufyonza maji lina hatari gani?

Pampu huvuta maji kupitia tundu la sakafuni. Kifuniko kikivunjika, au kikiwa bapa na tundu likawa moja tu, mwili au nywele zikiziba tundu hilo pampu inanyonya kwa nguvu zote na mtu mzima hawezi kumng'oa aliyenaswa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 kwa jina la Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliyekufa hivyo mwaka 2002 akiwa na miaka 7.

Dawa yake: matundu mawili au zaidi kwa pampu moja, yakitengana angalau sentimita 90, vifuniko vya kupinda visivyozibika, skrubu zote zikiwapo, na swichi ya kuzima pampu karibu na bwawa ikiwa na maandishi. Kila mkazi na kila mgeni aonyeshwe swichi hiyo. Kifuniko kikipotea, bwawa linafungwa siku hiyohiyo. Hakuna cha kusubiri fundi wa Jumatatu.

Maji yakiwa machafu kidogo, hilo nalo ni suala la dhima?

Ndiyo, na si kwa sababu ya tumbo tu. Maji yaliyochafuka huficha mwili. Kanuni ni fupi: ukisimama ukingoni, kama huoni wazi kifuniko cha tundu upande wa kina kirefu zaidi, hakuna anayeingia.

Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 7.2 na 7.8. pH ikipanda, klorini ipo lakini haiui. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5: ni lita 75,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita unahitaji gramu 150 za klorini tupu, sawa na gramu 230 hivi za unga wa asilimia 65. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo utie unga, usimwage maji juu ya unga. Usichanganye unga huo na asidi: hutoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usitumie kikombe kimoja kwa unga wa hipokloriti na vidonge vya aina nyingine. Mabaki yakikutana yanaweza kuwaka moto au kulipuka. Dawa hizi zisikae chumba kimoja na petroli ya jenereta.

Mitego miwili ya vipimo. Klorini ikizidi mno, rangi ya kipimo hufutika na kusomeka kama sifuri, na msafishaji akaongeza tena. Na vidonge vya klorini vya aina ya TCCA huacha kitulizi kinachojikusanya majini wiki hadi wiki mpaka klorini inakosa makali. Kikipita miligramu 50 kwa lita, dawa ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya.

Umeme ukikatika kutwa, pampu nayo imesimama kutwa. Maji ya lita 75,000 yakipaswa kuzunguka kila saa 6, pampu ipitishe lita 12,500 kwa saa. Saa ulizopoteza uzirudishe usiku kabla ya kufungua. Mtoto akiharisha majini, watoe wote. Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Marekani kinataka klorini ipandishwe hadi miligramu 20 kwa lita kwa saa 12 na dakika 45 kabla ya mtu kurudi.

Na umeme?

Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, transfoma ikiwa mbali na bwawa. Mzunguko wa pampu na taa za nje ulindwe na swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampia 30, ibonyezwe kitufe cha majaribio kila mwezi. Pasiwe na soketi ya kawaida ndani ya mita 2 kutoka ukingoni. Spika za sherehe zilizoburutiwa waya wa upanuzi hadi ukingoni ni hatari kuliko pampu yako. Mtu akisema maji "yanamtekenya", zima umeme wa nyumba nzima ndipo umtoe.

Mgeni alikuwa amelewa. Hiyo si shauri yake?

Sehemu ni yake. Sura ya 26 inaruhusu mahakama kugawa lawama, na fidia hupungua kwa asilimia ya uzembe wake. Lakini kama pombe umeiuza wewe na bwawa umeliacha wazi saa nane usiku, mgawo wako hautakuwa mdogo. Sherehe ikiwa na pombe, lango la bwawa lifungwe kwa kufuli kabla ya chupa ya kwanza, au awepo mtu mmoja asiyekunywa, aliyetajwa kwa jina, ambaye kazi yake ni kuangalia maji. Kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia, haangalii mtu.

Ajali imetokea leo. Nifanye nini baada ya majeruhi kupelekwa hospitali?

Funga bwawa, usimwage maji, usitengeneze chochote. Lango lililovunjika likitengenezwa usiku huo huonekana kama kuficha ushahidi. Piga picha za lango, vifuniko, mabango, kiwango cha maji na mwonekano wa sakafu ya bwawa. Pima klorini na pH, andika saa. Hifadhi picha za kamera, kwa kuwa mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku kadhaa. Andika majina na simu za waliokuwepo. Toa taarifa polisi. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi siku hiyo au kesho yake.

Nenda ukawape pole wenzako, utu kwanza. Ila usiandike kwenye kundi la WhatsApp la wakazi kwamba "tulijua lango ni bovu". Ujumbe huo utasomwa mahakamani.

Fidia huhesabiwaje, na mtu ana muda gani wa kudai?

Miaka 3 tangu ajali, kwa Sura ya 22. Kwa kifo, miaka 3 tangu kifo. Wanaodhani dai la mtoto litasubiri mpaka akue wamuone wakili mapema, maana msamaha huo una masharti.

Kwa kifo kuna madai mawili yanayokwenda pamoja. Chini ya Sura ya 26, mirathi hudai maumivu aliyopata marehemu na kupotezewa maisha; kwa hili la pili mahakama nyingi hutoa kama shilingi 100,000. Chini ya Sura ya 32, wategemezi hudai riziki waliyoipoteza. Mfano: marehemu alipata shilingi 40,000 mkononi kwa mwezi, alibakiwa na miaka 20 ya kazi kwa makadirio ya hakimu, na theluthi mbili ilikwenda kwa familia. Ni 40,000 × 12 × 20 × 2/3, yaani shilingi 6,400,000. Mtoto asiye na kipato hukadiriwa kwa kiasi cha jumla. Majeruhi aliyepooza ndiye hugharimu zaidi, kwa sababu matibabu na mtu wa kumtunza huhesabiwa kwa miaka yote iliyobaki.

Bima ya nyumba inalipia?

Huenda. Bima za nyumba za kifurushi Kenya kwa kawaida huwa na kipengele cha dhima ya mwenye nyumba na dhima ya mkazi, chenye kikomo chake. Soma kikomo hicho ukikilinganisha na hesabu ya hapo juu. Kisha tafuta neno biashara. Nyumba iliyokatiwa bima kama makazi, kumbe inalaza wageni wa kulipa, inaweza kukataliwa dai lote. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba kuna bwawa na kwamba hupokea wageni, na umwombe bima ya dhima kwa umma.

Aliyeumia ni kijana anayesafisha bwawa.

Kama umemwajiri, fidia yake inafuata Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo watu huiita WIBA. Hapo haijalishi sana kosa ni la nani. Ajali ya kazini iliyoua huarifiwa kwa ofisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Mpe miwani, glavu na barakoa ya gesi, si kitambaa cha pua. Kama ni kampuni uliyoikodi, sheria hukupa nafuu ikiwa ulikuwa na sababu ya kuiamini na ulihakikisha kazi imefanywa sawa. Kuchagua wa bei ya chini kabisa bila kuuliza cheti si kuhakikisha.

Naweza kufungwa?

Inawezekana, ingawa si jambo la kila siku. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 202, huhesabu uzembe uliokithiri unaosababisha kifo kuwa kuua bila kukusudia. Kukosea kipimo cha pH hakufiki huko. Kuambiwa na fundi kwamba taa inavujisha umeme, ukaiwasha kwa ajili ya sherehe, kunaweza kufika.

Bwawa halitumiki tena. Nilimwage tu?

Angalia kwanza. Bwawa tupu ni shimo, na mtu akianguka kwenye zege kutoka mita 2 huumia vibaya kuliko kwenye maji. Tena pwani, ambako maji ya ardhini yako juu, au kwenye udongo mweusi wa Nairobi wakati wa masika, bwawa likimwagwa lote maji ya chini huweza kulisukuma juu likapasuka. Mwite fundi afungue vali ya chini, na umwage wakati wa kiangazi.

Ukiliacha na maji, litaota ukijani, sakafu haitaonekana, na turubai la plastiki juu yake litamdanganya mtoto kwamba ni sakafu. Mtoto wa miaka 2 anaweza kufa kwenye maji ya sentimita 10 yaliyokusanyika juu ya turubai hilo. Chaguo ni mbili: liendeshwe kama bwawa hai, uzio na dawa vikiwapo, au litobolewe chini kwa ajili ya maji ya mvua, lijazwe kokoto na udongo, lipandwe nyasi.